Mwaka Ambao Nguchiro Alimng'ata Amani

Waliokuwepo kilimani siku ile nawajua wote, na ninawataja hapa kwa sababu baadhi yao siku hizi wanasimulia habari hii kana kwamba hatukuwa pamoja. Alikuwepo Papa Pasta, kiongozi wa kanisa letu dogo la Wakongomani pale Malvern, Joburg. Alikuwepo mke wake, Mama Pasta, mwenye saluni ya Jules Street ambamo mimi nilikuwa nasuka nywele. Walikuwepo Chantal na Solange, wasusi wenzangu. Alikuwepo Baba Joyce, fundi cherehani kutoka Kigoma, aliyekuwa akiimba sauti ya nne hata pale ambapo hapakuwa na ya kwanza. Alikuwepo Ndugu Otieno, Mkenya anayefanya kazi benki, aliyepanda kilima na chupa yake ya maji ijapokuwa tulikuwa kwenye mfungo. Walikuwepo wadogo zangu wawili, Neema na Amani. Na nilikuwepo mimi, Riziki, dada yao mkubwa, ambaye hakuna aliyeniuliza kitu.

Ninaandika kwa sababu ya sherehe. Mwaka huu Amani amefaulu matriki, mtihani wa kumaliza sekondari, na kanisa likamwandalia chakula: bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki, kuku wa kutosha hata kwa wale ambao hawakualikwa. Nilikuwa nimeshika kijiko cha kupakulia Mama Pasta aliposimama na kuchukua kipaza sauti. Amezeeka, anasimama kwa kushikilia meza, lakini sauti ni ile ile. Akasema, "Huyu mtoto munamuona leo na cheti yake, mimi nilimutoa kwa mdomo ya kaburi. Nyama ya pori ilimung'ata, sumu ilikuwa inapanda kwa moyo. Nikaweka jiwe, tukaomba, Mungu akajibu. Hata hospitali haikujua kitu!" Watu wakapiga makofi. Baba Joyce akaanzisha wimbo. Amani alikuwa ameketi mbele na tai yake shingoni, na alitabasamu. Nilirudi jikoni nikaanza kusugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari, nikalisugua mpaka Solange akaninyang'anya. Baadaye Amani alinifuata akasema, "Dada, ni mama mzee, mwache aseme." Nilimwambia anyamaze. Kuna mambo ambayo mtu mzee anaweza kuachiwa ayaseme, na kuna mengine ambayo yakiachwa yanageuka kuwa kweli ya watu wote. Basi hii hapa ni yangu, na kama ina hasira ndani yake, hasira hiyo ina sababu.

Mwaka wenyewe ni 2016. Tulikuwa tukiishi katika nyumba ya zamani, mitaa miwili kutoka Jules Street, nyumba yenye veranda pana na bati lililopakwa rangi nyekundu ambayo ilikuwa ikibanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Mama Pasta alikuwa ameipanga nyumba nzima kutoka kwa mzee mmoja Mreno, kisha akaigawa kwa mbao na kuwapangisha watu wa kanisa. Chumba chetu kilikuwa sehemu ya kile kilichokuwa ukumbi wa kulia chakula. Tulibahatika kupata upande wenye meko ya kuotea moto, ingawa hayakuwashwa, na Neema alipanga vitabu vyake vya shule ndani yake. Nyuma ya pazia kulikuwa na jiko la umeme la sahani mbili. Ijumaa nyumba nzima ilinuka ndagala, dagaa wa kwetu, Jumapili ilinuka maharage, na siku nyingine ilinuka dawa ya kulainisha nywele iliyotoka kwetu sisi wasusi. Upande wa pili wa mbao walilala Papa Pasta na Mama Pasta. Mbao zilikuwa nyembamba, na jioni moja nikiwa namenya viazi nilimsikia Mama Pasta akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayetaja bei ya sabuni, "Hawa yatima tutawabeba mpaka lini?" Papa Pasta alijibu kitu ambacho sikukisikia. Niliendelea kumenya. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kitanda, jiko na kazi yangu vyote vilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa amechoka nasi.

Uani, karibu na bomba, kulikuwa na chumba cha nje, kimoja tu, alimoishi mwanamke mwenyeji aitwaye Nomsa. Yeye hakupanga kwa Mama Pasta. Alilipa moja kwa moja kwa Mreno. Asubuhi na mapema alikwenda Bedfordview kufanya kazi za ndani kwa mama mmoja tajiri, na Jumamosi alikaa mlangoni na bia yake na redio yake. Kwa sababu ya bia hiyo Mama Pasta alituambia tusimzoee. "Salamu tu," alisema. "Salamu, na munapita." Kwa hiyo nilimsalimia, nikapita, mwaka mzima.

Kanisa letu lilikuwa na desturi ya kupanda kilima. Nyuma ya Kensington kuna kilima cha mawe, na Jumamosi moja kila mwezi tulipanda huko asubuhi, bila kula, tukaomba mpaka jua lilipoanza kushuka. Wakongomani wengi wa mji huu wanafanya hivyo; kilima hakina kodi, na hakuna jirani wa kulalamika kuhusu kelele. Ilikuwa mwisho wa baridi, majani yamekauka yana rangi ya mkate, upepo unasukuma vumbi kutoka vilima vya mchanga wa migodi mpaka kwenye meno yetu. Watoto waliruhusiwa mkate. Amani alikuwa na miaka kumi, na alikuwa ameketi juu ya jiwe mbali kidogo nasi, akila polepole ili usiishe.

Nguchiro alitoka kati ya mawe mchana kweupe. Wengi wetu tulikuwa tumewaona kabla, wadogo, wa rangi ya manjano, ncha ya mkia nyeupe, wakikimbilia mashimoni mara tu wanaposikia mguu wa mtu. Huyu hakukimbia. Alikuja kuelekea kwetu akienda upande upande kama mtu aliyetoka baa, akasimama, akaanguka, akainuka. Chantal alifungua jicho moja akasema, "Muone huyu, naye anakuja kuombewa!" Watu wakacheka katikati ya maombi. Papa Pasta naye akacheka akasema, "Hata wanyama wanajua mahali pa amani." Nataka hilo likumbukwe. Watu wazima wote wale walimwona mnyama wa porini akitembea kati ya watu bila woga, wakaona ni jambo zuri. Amani akanyoosha kipande cha mkate. Nguchiro hakuutazama mkate. Aliudaka mkono, chini ya kidole gumba, akaung'ang'ania. Amani aliinuka akapiga kelele na kuutikisa mkono, na yule mnyama alikuwa ananing'inia pale kama nguo kwenye kamba. Papa Pasta alimpiga kwa kiatu mara nyingi ndipo akaachia, akaanza kuzunguka akifuata mkia wake, na Papa Pasta akamponda kwa jiwe, akamrusha kwa mguu chini ya magenge.

Mimi nilimfahamu mnyama mwenye hali ile. Nyumbani Uvira, nilipokuwa mdogo, fundi mwashi jirani yetu aling'atwa na mbwa aliyekuwa akitembea hivyo hivyo. Kidonda kilipona. Mwashi alirudi kazini akajenga ukuta mzima. Kisha siku moja mke wake alimpa kikombe cha maji na koo lake likakataa, akawa anatetemeka kwa kukiona tu kile kikombe, na baada ya hapo hakuchukua muda. Watoto tulichungulia dirishani mpaka tukafukuzwa. Kwa hiyo sikungoja. Nilichukua chupa ya Ndugu Otieno kutoka mkononi mwake na kuanza kumwaga maji juu ya mkono wa Amani, na nilikuwa nimeanza kumwomba Neema anitafutie sabuni, chochote, Mama Pasta aliponikamata kifundo cha mkono.

"Usitie maji! Maji itafunga damu. Jiwe inataka damu."

Jiwe hilo kila mtu wa kwetu analijua. Ni jiwe jeusi, jepesi, ambalo kwa kweli ni mfupa uliochomwa, na kwetu linatumika mtu anapoumwa na nyoka. Unachanja mahali palipong'atwa mpaka damu itoke, unaliweka, linagandamia, na unaliacha mpaka lianguke lenyewe. Mama Pasta alikuwa amelitoa Bukavu, akavuka nalo nchi zote zile likiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na hapa Malvern lilimpa heshima kuliko saluni. Watu walikuja kutoka Rosettenville kwa ajili yake, wenye majipu, wenye kuumwa na nge. Sina ugomvi na jiwe. Ugomvi wangu ni na mkono ulioshika mkono wangu.

"Mama," nilisema, "yule mnyama alikuwa mgonjwa. Ana kichaa. Amani aoshwe, apelekwe hospitali."

"Kichaa gani?"

"Kichaa cha mbwa."

"Cha mbwa!" Aliwageukia wengine. "Nani ameona mbwa hapa?" Solange akacheka kwa sababu ilikuwa lazima mtu acheke. "Riziki, weye uliishia darasa la ngapi?"

"La sita, Mama."

"Basi."

Akatoa wembe kwenye mkoba, wembe ule ule tuliotumia kukatia nyuzi saluni, akamchanja Amani mara tatu, nne, palepale kwenye alama za meno, mpaka damu ikatiririka. Amani alikuwa akinitazama mimi, si yeye. Jiwe likashika. Baba Joyce akaanzisha wimbo. Na Ndugu Otieno, mtu mwenye shahada mbili, mtu ambaye Papa Pasta alimwombea kwanza kila alipopandishwa cheo, nilimwona akifungua simu yake, akisoma, akiinua macho kumtazama Amani, akisoma tena. Kisha akairudisha mfukoni na kuimba pamoja na wengine.

Tulishuka na mtoto akiwa na jiwe mkononi. Hakuruhusiwa kulitoa, kwa sababu likitolewa kabla ya wakati sumu inarudi mwilini na kukimbilia moyoni. Hivyo ndivyo wanavyosema, na hivyo ndivyo alivyoambiwa mtoto wa miaka kumi, kwa hiyo alitembea mpaka nyumbani ameubeba mkono wake kama mtu aliyebeba yai. Jioni nilimlisha chai na mkate mwenyewe. Mama Pasta aliingia bila kubisha, akainama na kulitazama jiwe, akatoka. Nilipomwambia kwa mara ya pili habari ya hospitali alisema sitamtia aibu mbele ya kanisa kwa ajili ya woga wangu. Jumapili Amani aliwekwa mbele, mkono juu ya mto mdogo wa kitambaa cha dhahabu, mto uliotumika kubebea pete za harusi. Jiwe lilianguka katikati ya wimbo wa tatu. Kelele zilizopigwa siku hiyo sijazisikia tena kanisani kwetu. Mama Pasta akalitia kwenye glasi ya maziwa mbele ya wote, mapovu yakapanda, akasema, "Muone sumu inatoka!" Hata kipande cha tofali ukikitia majini kinatoa mapovu. Nilitaka kulisema hilo kwa sauti. Neema alinikanyaga mguu.

Mchana huo Ndugu Otieno alinipigia simu. Hakuwa amewahi kunipigia.

"Sister Riziki, uko poa?"

"Niko, Ndugu."

"Sasa, ni hivi. Nimesomasoma kwa simu. Ule mnyama, vile alikuwa anatembea, si kawaida. Huyo kijana aende hospitali. Leo, kama inawezekana. Ukingoja mpaka aanze kuugua, hakuna dawa tena."

"Ulisoma lini?"

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Ulisoma jana kilimani, Ndugu Otieno. Nilikuona. Mbona hukusema?"

"Unajua vile Mama Pasta yuko. Mimi ni mgeni tu pale, siwezi kuingilia mambo ya Wakongo."

"Basi njoo utupeleke. Una gari."

"Leo niko na wageni, sister. Lakini mpeleke, sawa? Na tafadhali usiseme ni mimi nimekuambia."

Nimesikia matusi mengi katika mji huu, teksini, sokoni, kwenye foleni za vibali vya ukimbizi, na mengi nimeyasahau. Ile "tafadhali" sijaisahau. Alijua. Alikuwa na ujuzi, na gari, na sauti ambayo Papa Pasta angeisikiliza, na akachagua kunikabidhi mimi, mtu wa darasa la sita, habari kwamba mdogo wangu anaweza kufa, kisha akarudi kwa wageni wake.

Nilitoka uani kwa sababu ndani nilikosa hewa. Nomsa alikuwa bombani anafua sare yake ya kazi. Nilimsalimia, na badala ya kupita nikasimama. Kizulu changu kilikuwa cha sokoni na Kiingereza chake hakikuzidi changu sana, lakini tulichanganya tukaelewana. Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye wembe aliacha kufua.

"Huyo mnyama aliwaogopa watu?"

"Hapana. Alikuja kama mbwa mdogo wa nyumbani."

"Eish." Alikamua sare, akaitundika, akajipangusa mikono kwenye mapaja. "Kwetu binamu yangu alikufa hivyo. Mbwa. Walingoja kwanza mganga. Mlete hapa mtoto na sabuni."

Tuliuosha mkono wa Amani chini ya bomba, yeye akisugua na mimi nikishika, kwa muda mrefu mpaka sabuni ikawa kipande kama ukucha. Amani alilia. Nomsa alimwambia kwa Kizulu jambo lililomfanya acheke na kulia kwa pamoja. Baadaye aliniambia kwamba aliambiwa analia kama polisi aliyenyimwa rushwa. Kisha Nomsa akasema, "Kesho tunakwenda. Mimi na wewe na yeye."

"Kesho ni Jumatatu. Una kazi."

"Kazi itaningoja."

Asubuhi Mama Pasta alikuwa amesimama verandani, kitenge kimefungwa kifuani, kama aliyeambiwa. Pengine mbao zile zilikuwa nyembamba kwa pande zote mbili. "Munaenda wapi na mtoto?" aliuliza. Nilisema hospitali. Akamtazama Nomsa kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha akanitazama mimi. "Ukipita hilo geti, saluni usirudi. Na chumba mwisho wa mwezi." Nilikuwa nimeogopa maneno hayo tangu siku ile ya viazi, na yalipokuja yalikuwa mepesi kuliko nilivyodhani. Nilisema, "Sawa, Mama," nikafungua geti.

Kliniki hawakuwa na dawa ya kutosha. Walitupa rufaa ya hospitali kubwa, na tukapanda teksi mbili. Hospitalini, kwenye dirisha la kuandikishwa, karani aligeuza kibali changu cha ukimbizi, akaona muda wake umekwisha, akakisukuma nje kwa kidole kimoja. Nilimweleza kwamba ofisi ya Pretoria ndiyo iliyotupa tarehe ya mbali, kwamba mtoto ameng'atwa na nguchiro mwenye kichaa. Alisema nirudi na karatasi nzuri. Alikuwa ameshamwita mtu wa nyuma yangu. Nomsa akanisukuma kando, akaweka kitambulisho chake juu ya kaunta na kusema, "Huyu mtoto ni wangu."

Karani akamtazama Amani. "Huyu? Mbona hata Kizulu hajui?"

"Ngiyasikhuluma, ma," Amani akasema, nakizungumza, mama, kwa lafudhi safi ya watoto wa mtaani kwetu, kisha akaongeza sentensi nyingine ndefu ambayo mimi dada yake sikuielewa. Watu wa foleni wakacheka. Karani naye alishindwa kujizuia. Akaandika. Ndivyo mdogo wangu alivyokuwa mtoto wa Nomsa kwa karatasi za serikali.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi. Aliuliza mnyama yuko wapi, ili kichwa chake kipelekwe maabara. Nikasema alitupwa magengeni. Alifungua kitambaa akaona mikato ya wembe. Akaweka kalamu chini. Kisha akamgeukia Nomsa, kwa sababu ndiye aliyekuwa mama, na kumsema. Alimwuliza ni mzazi gani anamkata mtoto wake kwa wembe mchafu. Alimwuliza alikuwa akingoja nini tangu Jumamosi. Alimwambia kwamba kidonda kile kilitakiwa kuoshwa saa ile ile, kwamba kwa kukichanja ameifungulia njia sumu, na kwamba mtoto akifa atajua ni kwa mikono ya nani. Nilifungua mdomo. Nomsa alinishika goti na kulibana kwa nguvu, kwa sababu kama ningesema ukweli tungerudishwa dirishani. Akainamisha kichwa. Akasema, "Samahani, daktari." Kila neno lililosemwa mle lilikuwa la Mama Pasta, na la Papa Pasta na kiatu chake, na la Ndugu Otieno na simu yake, na Nomsa aliyapokea yote, yeye aliyekuwa amekaa mlangoni na redio yake Jumamosi ile bila kujua kama tuko hai. Kisha walimchoma Amani dawa kuzunguka kidonda chenyewe, ndani ya nyama ya mkono, sindano baada ya sindano, na akamng'ata Nomsa begani kwa uchungu. Nomsa hakusogea. "Ng'ata," alisema. "Na wewe una haki."

Sindano nyingine zilikuwa na siku zake, na kila siku ilipofika ilibidi aende mama wa kwenye karatasi. Mara ya kwanza mwajiri wake alivumilia. Mara ya pili alinuna. Mara iliyofuata alimwuliza huyo mtoto mgonjwa ni yupi, maana miaka yote Nomsa alikuwa akiomba ruhusa ya Krismasi kwenda Eastern Cape, kwao kwa Waxhosa, kumwona mtoto wake mmoja, msichana, Lindiwe. Sasa mvulana ametoka wapi? Nomsa hakuwa mwongo mzuri isipokuwa kwa karani. Akasema ni mtoto wa jirani, wa Wakongo. Yule mama akamwambia kama ana muda wa kulea watoto wa wageni basi hana haja ya mshahara. Alituhadithia hayo akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mimi nilitaka kwenda Bedfordview kuvunja dirisha. "Hayi, kaa chini," alisema. "Utafungwa, halafu huyu nani atampeleka sindano ya mwisho?" Alimpeleka.

Wakati huo tulikuwa tayari tumehamia kwake, watu wanne katika chumba kimoja, kitanda chake na godoro letu vikigusana. Niliweka kiti changu cha kusukia kwenye kona ya Jules Street, karibu na robot, taa za barabarani, nikasuka pale kwenye upepo. Chantal na Solange walipita wakinisalimia kwa macho. Kila asubuhi, kabla ya shule, nilimpa Amani kikombe cha maji na kumtazama koo. Hakujua kwa nini. Alikuwa akinywa, akipangusa mdomo, akisema, "Dada, mbona unanitazama hivyo?" Nilimwambia anywe tena. Nomsa alikuwa akijifanya anatafuta kitu sandukuni, lakini mikono yake ilikuwa imesimama mpaka asikie maji yakishuka. Tuliishi hivyo kwa miezi. Kule mbele ya nyumba, walikuwa wakiimba. Nilisikia Mama Pasta akimwambia mgeni kutoka Diepsloot kwamba mtoto alipona kwa jiwe kabla dada yake mkaidi hajamkimbiza kwa wazungu wa hospitali. Daktari wetu hakuwa mzungu. Hata hilo hakutaka kulijua.

Nomsa alitafuta kazi nyingine mpaka mwisho wa mwaka na hakuipata. Nyumba za kule zinaulizana. Desemba alifunga mizigo arudi kwao. Nilimsuka nywele siku hiyo, mistari myembamba, kazi ya mchana mzima, naye akiwa amekaa kati ya magoti yangu akimtania Amani kwamba sasa damu yake ni ya Kixhosa. Nilimwuliza nitamlipa nini. Nilitegemea aseme hapana, kama watu wanavyosema. Hakusema hapana.

"Lindiwe ana miaka kumi na miwili," alisema. "Akimaliza shule atakuja Joburg, wote wanakuja. Hatakuwa na mtu hapa. Nitamwambia nyumba yenye bati jekundu, chumba kilicho karibu na bomba. Akibisha, mfungulie. Mkae naye kama nilivyokaa na nyinyi."

"Nitamfungulia."

"Usihame, basi."

"Sihami."

Simu yake ilipatikana kwa miaka miwili. Kisha ikawa ni sauti ya mashine, na namba ikapewa mwanaume mmoja wa Durban ambaye amechoka na mimi.

Mama Pasta na mumewe walihamia Rosettenville zamani, na mwaka huu wadogo zangu nao wamepata nyumba kule kule, vyumba viwili na jiko la kweli. Neema ana kazi, Amani anaanza chuo. Walikuja na gari la kubebea vitu vyangu. Amani alisimama mlangoni, ameinama kwa sababu urefu wake sasa unapita mlango, akasema, "Dada, hii ni dunia nyingine. Lindiwe ana simu, ana fesibuku. Akitutaka atatupata."

"Aliambiwa mlango," nilimwambia. "Hakuambiwa fesibuku."

"Na asipokuja?"

Nilimpa begi lake. Waliondoka na godoro moja, mimi nikabaki na kitanda cha Nomsa na cha pili nilichonunua mwenyewe, ambacho nimekitandika na hakijalaliwa. Mreno alikufa, mwanawe amepaka bati rangi ya kijani, nikamlipa fundi alirudishie wekundu upande huu wa uani, na mwana wa Mreno anadhani nina kichaa. Lindiwe ana miaka ishirini na zaidi sasa, na sura yake siijui. Mchana ninasuka pale kwenye kona, na kwenye mlango wangu nimeandika kwa rangi nyeupe mahali nilipo, kwa Kixhosa nilichomwomba mteja anisahihishie. Jioni ninarudi mapema. Hajaja bado.